Taa Uliyoiacha Ndani ya Boksi

Ngulyati, jua likiwa limekwisha kuzama

Mwanangu mpendwa Minza,

Naomba radhi kwanza kwa kukuandikia barua ilhali tunaishi chini ya paa moja, na ilhali bado tunao usiku huu wa kuzungumza ana kwa ana. Mimi ni mtu wa kalamu zaidi kuliko mdomo. Ndivyo wamisionari walivyonilea shuleni, na ndivyo marehemu mama yako alivyonivumilia. Umekwenda kwa shangazi yako kumuaga, nami namfahamu shangazi yako: hatakuachia mpaka akufungie kuku miguu. Nimeona niitumie nafasi hii. Barua nitaitia katika mfuko wa mbele wa begi lako, uisome kesho basi likiwa limekwisha kuiacha Bariadi nyuma, pahali ambapo hutaweza tena kushuka na kubishana nami.

Mambo ya kila siku sitakuagiza. Najua Songea kuna baridi na wewe unajua kuvaa sweta. Hospitali iliyokuajiri haikumwajiri mtoto, imemwajiri fundi umeme, na fundi huyo hahitaji kufundishwa na mkulima wa pamba namna ya kupanga nguo. Nataka kukuandikia kuhusu mwanga. Najua ni jambo ambalo wewe ndiwe mwalimu na mimi mwanafunzi. Lakini tangu ulipoanza kuizungushia nyumba yetu nyaya na ngazi, nimekuwa nikistaajabu kimya kimya, na kwa ukimya huo sikukushukuru inavyostahili.

Tuanzie kwenye gunia. Unalikumbuka, kwa kuwa ulicheka hata ukakaa chini. Ilikuwa jioni, nami natoka zizini, nikamwona mgeni amesimama kwenye kivuli cha mlango wa ghala. Nikavua kofia, nikamsalimu kwa salamu yetu ya jioni, "Mwadila." Hakuitikia. Nikasogea nikarudia kwa sauti ya adabu zaidi, nikamuuliza na hali ya nyumbani kwake. Ndipo nilipokusikia nyuma yangu.

"Baba, unamsalimu nani?"

"Mgeni huyu. Nadhani hasikii vizuri."

"Baba, hilo ni gunia la pamba."

Ulicheka sana, kisha kicheko kikakatika, ukaanza kulia. Nilikuomba radhi, kama kawaida yangu, na hapo ndipo uliponikasirikia. Ulisema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile: "Baba, macho yako siyaogopi. Macho yana daktari. Ninaogopa adabu yako. Utaanguka njiani kwenda chooni, na utaona haya kupiga kelele usije ukawaamsha majirani."

Ukaongeza kwamba barua ya ajira imekuja, na kwamba hutapanda basi lolote kama nyumba hii itabaki gizani na mimi ndani yake. Kaka yako alikuwa amekwisha kutaka anihamishie kwake Binza, kule Maswa mjini. Ni mwana mwema, na mkewe ananiheshimu. Lakini mama yako amelala hapa, nyuma ya shamba la mahindi, na mimi nilitamani kubaki karibu. Basi tukawa na jambo moja la kuamua: ama mimi nijifunze kuishi peke yangu katika nyumba yenye mwanga, ama wewe upoteze kazi kwa ajili ya mzee anayesalimu magunia.

Mwanangu, mimi nilizaliwa katika mwanga wa koroboi. Tambi ya pamba, mafuta ya taa na moshi uliotuingia puani. Asubuhi tulipopenga kamasi ilikuwa nyeusi, na hakuna aliyeona ajabu. Nilipofika shule ya misheni nikaikuta karabai. Bruda mmoja mrefu aliipampu jioni, akaiwasha, nayo ikaanza kuunguruma kama mnyama aliyeshiba, na ukumbi mzima ukawa mweupe. Wavulana tuliotoka vijijini tulisimama midomo wazi. Nilidhani nimekwisha kuona kilele cha mwanga, kwamba baada ya pale kilichobaki ni mbinguni.

Kwa hiyo nisamehe kwamba wiki ile ulipofunga taa ya kwanza ya LED sebuleni, niliinyanyulia kiganja kama mtu anayeota moto. Nilisubiri joto. Halikuja. Nikaigusa kabisa, ilikuwa vuguvugu tu, kama yai lililotoka kwa kuku. Mwanga usio na moshi, usio na harufu, usiounguruma, na karibu usio na joto! Ulinieleza kwamba balbu zetu za zamani zilitumia sehemu kubwa ya umeme kupasha moto hewa, na kidogo tu ndicho kilichoangaza. Nilikaa chini yake nikifikiri ni kuni ngapi, ni mafuta kiasi gani, ni umeme gani ambao binadamu ameuteketeza akitafuta kuona tu.

Lakini mimi niliupokea umeme vibaya ulipofika hapa kwetu, na hilo nalo nataka ulijue vizuri, maana wakati ule ulikuwa shule ya bweni na ulisikia nusu ya habari.

Nyaya zilipofika, nilikwenda mjini nikanunua taa moja tu ya nje, kubwa kama sinia, iliyo nyeupe kupita zote. Sikuuliza swali. Niliona ukubwa wake nikaamini ukubwa ndio wema wake. Nikaisimamishia nguzo katikati ya ua na kuielekeza shikome, pale tunapokoka moto jioni na wanaume wa jirani wakaja kuzungumza. Nilitaka kuwapa mchana wa pili.

Unaujua utaratibu wetu. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawali pamoja. Masanja alikuwa ndiyo kwanza amemwoa dada yako, na jioni ile alikuwa amekuja kutusaidia pamba. Sasa giza lilikuwa limetufanyia hisani ambayo hatukuijua. Masanja alikaa upande wa pili wa moto, mama yako akakaa kwenye kizingiti cha jiko nje ya mwanga, na walizungumza vizuri kabisa kupitia kwangu. "Mwulize mkwe mihogo ya kwao inasemaje." "Mwambie mama mihogo ni mizuri." Hivyo tu, na upendo ulikuwepo.

Nilisimama, nikatoa hotuba fupi. Nikabonyeza swichi.

Minza, mama yako alikuwa amenyanyuka gizani kuleta chakula, yuko katikati ya ua, ameshika bakuli la michembe ya viazi vitamu, hatua chache kutoka kwa mkwe wake. Wote wawili walionekana mpaka kucha. Mama yako alijifunika uso kwa khanga, akaanza kurudi kinyumenyume huku michembe inamwagika. Masanja, kijana mwenye mwili kama ng'ombe dume, alipiga mbizi chini ya mkokoteni.

"Baba!" alilia kutoka chini kule. "Nakuomba, zima hilo jua lako!"

Mzee mmoja akasema, "Acha tu, tumwone mkwe vizuri, tulikuwa hatujui kama suruali yake ina kiraka."

Na kutoka jikoni ikaja sauti ya mama yako: "Mwambieni huyo mzee kwamba Mungu aliumba na usiku!"

Walicheka, nami nikacheka kwa adabu, lakini sikuizima. Niliona kuizima ni kukubali nimeshindwa. Jioni zilizofuata watu walipungua. Mtu hawezi kusema habari ya mwanawe aliyepotea mjini huku uso wake umeangazwa kama wa mshtakiwa. Ng'ombe nao hawakutulia, na mvua za kwanza zilipokuja, kumbikumbi walijaa hata tukawafagia kwa koleo. Mwishowe nilibaki shikome peke yangu chini ya mchana wangu wa pili, na ndipo nilipoishusha taa ile.

Sikujua wakati ule kueleza nilichojifunza. Ulikuja kunieleza wewe, hivi karibuni, kwa neno moja la kifundi, pale dukani.

Najua umekwisha kuisahau safari ile ya dukani, kwako ni kazi ya kila siku. Kwangu ilikuwa kama kuingizwa sakristia, chumba cha padri nyuma ya altare. Yule kijana wa dukani alitupangia maboksi mezani akasema, "Shikamoo mzee wangu. Chukua hii nyeupe. Ukiiwasha, hata sindano utaiokota usiku."

Ukamjibu, "Kaka, hatutafuti sindano. Tunatafuta usingizi."

"Dada, wewe ni mteja au ni fundi?"

"Vyote viwili. Kwa hiyo ukitaka kunidanganya itabidi unidanganye mara mbili."

Alicheka akanyoosha mikono. Nawe ukaligeuza boksi, ukanionyesha kwa kidole, ukisoma kwa sauti kwa kuwa herufi ndogo zile mimi siziwezi tena. Ukasema nisitazame wati, kwa maana wati ni umeme unaoliwa. Nitazame lumeni, ndizo mwanga unaotoka. Ukanionyesha namba yenye herufi K: elfu tatu hivi ni rangi ya moto wa jioni, elfu sita na nusu ni rangi ya wodi. Kisha ukachukua simu yako ukailenga balbu moja ya bei rahisi, na kwenye kioo cha simu nikaona, kwa shida lakini nikaona, michirizi myeusi ikipita juu ya mwanga. Ukasema taa ile inazima na kuwaka kwa kasi ambayo jicho haliitambui ila kichwa kinaitambua kwa kuuma. Ukailenga nyingine, ikatulia tuli. Hiyo tukaichukua. Nilisimama pale nikiwaza: kumbe kuna giza ndani ya mwanga, na mwanangu anao uwezo wa kuliona.

Nilikuomba unichagulie taa moja ya ua. Ukaniuliza, "Baba, unataka nani aonekane, na nani aachwe?" Hilo ndilo neno. Kama ningejiuliza hivyo kabla ya kusimamisha nguzo, mkwe wangu asingelala chini ya mkokoteni. Sasa umeweka vitaa vidogo vya njano, vimeinama chini, vimezibwa visiingie maji wala wadudu, vinaangaza miguu na kuziacha nyuso katika faragha yake. Shikome umeiacha na moto wake. Juzi wazee wawili walikuja wakakaa. Sijui kama uliwaona. Mimi niliwaona.

Huko Songea utafunga taa juu ya vitanda vya watu wenye maumivu. Sikufundishi kazi. Nakuomba tu, kabla hujapanda ngazi, ulale mara moja pale atakapolala mgonjwa, utazame juu.

Nakuja kwenye jiko, na hapa naandika polepole.

Umeme ulipoingia nilimfungia mama yako balbu moja jikoni. Niliiweka karibu na mlango, ili anayeingia asijikwae. Nilimfikiria anayeingia. Aliyekuwa ndani tayari, aliyesimama mafigani akiupa mlango mgongo, sikumfikiria. Kwa hiyo kila jioni mwanga ulimpiga kisogoni na kivuli chake mwenyewe kikaangukia chungu. Hakuniambia. Alikuwa na adabu kama yangu. Pengine hilo ndilo lililotuunganisha, na pengine ndilo tulilopaswa kusameheana. Alichokifanya ni kupaka chokaa kipande kimoja cha ukuta ule mweusi, mbele ya mafiga, ukubwa wa mkeka wa kusalia. Kila mwaka alikipaka upya. Nilidhani ni pambo. Niliwahi hata kumtania kwamba ameacha kazi nusu.

Ulipoingia na mkanda wako wa LED ili uubandike chini ya rafu, ulisimama mbele ya ukuta ule ukaushusha mkanda. Nikakuuliza kuna nini.

"Baba, hii chokaa aliiweka nani?"

"Mama yako. Alipenda mapambo."

"Siyo pambo, Baba. Alikuwa anaurudisha mwanga. Unatoka mlangoni, unapiga hapa, unarudi kwenye chungu." Ukaweka kiganja chako katikati ya ukuta na chungu, na kweli, upande wa ukutani wa kiganja chako kulikuwa na weupe hafifu. "Alipata karibu nusu ya kile ninachokifunga mimi leo."

Niliuona weupe ule, mwanangu. Kwa macho haya mabovu niliuona. Nilikuwa nimekula ugali wa jiko lile miaka yote, na sikujua kwamba mke wangu alikuwa amejitengenezea taa ya ukuta na maji ya chokaa. Ulipomaliza kubandika mkanda ukawasha, mwanga ukashuka mbele ya mpishi, juu ya mikono, bila kivuli. Kile kipande cheupe hukukigusa. Ahsante kwa kutokigusa. Mwaka huu nitakipaka mimi.

Hasara za ukimya nimezieleza sasa, na sina budi kukuambia usiuchukue kwangu kama urithi. Huko uendako, ukifungiwa taa mahali pabaya, sema siku ileile. Anayekupenda hatachoka kusogeza waya. Mimi ningeusogeza, kama ningeambiwa; na ningeambiwa, kama ningeuliza.

Kuhusu ile njia ya chooni: ile taa inayojiwasha mtu akipita imenishinda maneno. Usiku wa kwanza nilitoka nikiwa nimenyoosha mikono mbele kama kawaida, na kabla sijagusa ukuta, mwanga ukafunguka miguuni pangu. Nilisimama. Nikafikiri umeamka ukaiwasha. Nikatazama, hapakuwa na mtu. Nikapiga hatua, na iliyofuata nayo ikafunguka. Nikavua kofia, Minza. Nikasema, "Mwadila." Ulikuwa dirishani, najua, nilikusikia ukijizuia kucheka. Safari hii sikuona haya. Nimewahi kukisalimu kitu kibaya zaidi.

Ikabaki taa moja ya aina hiyohiyo, ya juu ya mlango wa mbele. Wiki nzima imekaa ndani ya boksi lake. Waya umekwisha kuutoa ukutani, matundu umekwisha kuyatoboa, na ngazi umeiacha imeegemea pale pale, ukisema isiondolewe mpaka kazi iishe. Kila nilipouliza ulisema, "Kesho." Leo mchana ulisema, "Labda niahirishe basi, Baba, niimalizie kwa utulivu." Fundi aliyefunga nyumba nzima na ua anashindwaje kufunga taa moja? Nilielewa. Hujaamini bado. Umenipa mwanga, lakini mwanga hauwezi kunifundisha kuita mtu. Na ulikuwa na haki ya kutoamini.

Basi ulipoondoka kwenda kwa shangazi yako, nilichukua fimbo nikaenda mpaka kwa Masanja. Alikuwa anafunga ndama. Aliponiona alisimama ghafla.

"Baba, umekuja mwenyewe? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuja kuomba msaada."

Ndama akamponyoka. "Umesema unaomba?"

"Naomba. Nataka unishikie ngazi nifunge taa."

"Isiwe lile jua la zamani."

"Hii ni ndogo, na inajua kulala."

Tulipofika nilishika ngazi nipande. Akanishika bega kwa heshima. "Hapana, Baba. Ukianguka, Minza atanifunga mimi pale ukutani badala ya taa. Panda kwa mdomo, mimi nitapanda kwa miguu." Kwa hiyo, usikasirike, mimi ndiye niliyeishika ngazi. Nilizima swichi kubwa kwanza, kama ulivyonifundisha, nikamkabidhi testa yako akapima waya mara mbili kabla ya kuugusa. Nikamsomea hatua zako kwa kichwa, moja baada ya nyingine, naye akafuata bila kunibishia. Ilipowaka, mtu yule mkubwa alishuka ngazi, akasimama chini yake, kisha akasema, "Mama angeipenda hii. Inatazama chini."

Nilimshukuru. Halafu nikamwomba la pili, kabla ujasiri haujaniisha: anipeleke kliniki ya macho pamba ikishavunwa. Amekubali. Ameahidi pia kupita hapa jioni, na mimi nimeahidi kwamba siku nisipomwona nitamwita kwa nguvu zangu zote, hata kama majirani wamelala. Imenigharimu kuyasema hayo kuliko kuvuna ekari nzima. Lakini nimeyasema.

Nasikia kuku akilalamika huko njiani, kwa hiyo najua uko karibu. Ngoja niendelee kuandika nione.

Imewaka. Mwanga umepita chini ya mlango mpaka kwenye meza yangu.

Umesimama. Sasa umerudi nyuma, nasikia kokoto, unasubiri izime. Imezima. Umekanyaga tena, imewaka. Unaipima kama fundi. Umeita, "Baba, nani ameifunga hii?" Nami nimekujibu kutoka hapa hapa, "Nimemwomba Masanja."

Kuku analalamika tena.

Sasa nasikia kitu kikiburuzwa ukutani. Ni ngazi. Unaiondoa. Unaipeleka ghalani.

Samahani, mwanangu, nakatisha hapa bila salamu zinazostahili. Nataka nitoke nikupokee kuku, wakati taa bado inawaka.

Baba yako